Blu-ray ya zile za kwanza, filamu ya mjukuu wangu, na baba yake aliyekuja kukataa

Wakuu wa humu, wazee kwa vijana, nawasalimu kutoka Ahero.

Mimi ni nyanya wa watu. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona herufi imeruka msinirukie. Lakini nitakayosema ni yale macho yangu yaliona. Mashine yenyewe iko hapa mbele yangu nikiandika.

Iko hivi.

Mjukuu wangu Achieng anasomea kutengeneza filamu huko Nairobi. Mimi hiyo kitu najivunia mpaka kanisani wamenichoka. Lakini baba yake, Odhiambo, kifungua mimba wangu, hataki kusikia. Anataka msichana awe nesi.

Alinipigia simu akasema, "Mama, mimi silipi mtu akafunzwe kushika kamera kama wale wa harusi. Jumapili nakuja hapo. Nionyeshe hiyo kazi yake. Nikiona ni upuzi, anarudi nyumbani."

Odhiambo akisema amesema. Hicho kichwa alikitoa kwangu, kwa hivyo nakijua.

Achieng akanitumia filamu yake na gari ya parcel. Ni diski ya Blu-ray, ndiyo mwalimu wao anataka, na alichoma mwenyewe na kompyuta ya shule.

(Mtu asiniulize mambo ya flash. TV yangu ni kubwa na safi, spika ziko, lakini hiyo tundu ya flash ilikufa siku radi ilipiga transfoma.)

DVD player yangu ikaonja hiyo diski, ikaitema.

Ndio nikaenda Kisumu kwa jamaa mmoja anauza vitu vilivyotumika ng'ambo. Akanitolea mashine nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Akasema ni Blu-ray ya zile za kwanza kabisa kutoka, siku hizi hakuna mtu anazitaka.

"Mathe, sitakudanganya," akaniambia. "Hizi za mwanzo zinachagua diski vile mgonjwa anachagua chakula. Ya dukani itacheza. Ile imechomwa, inaweza kukataa kabisa. Nenda ujaribu. Ikikataa, rudisha."

Akanipa na diski moja ya dukani ya kujaribia, ya msitu na mito.

Sasa niwaambie vile iko, kwa wale wanapenda home theatre kama mimi.

Kuwaka: ni pole pole sana. Unabonyeza, inafikiria. Niliteleka chai, nikarudi, bado imeandika "Loading".

Kelele: iko na feni ndani. Jirani yangu Mama Pamela aliingia akauliza, "Min Odhiambo (ndio mama Odhiambo kwa Kijaluo), hapa unaangalia TV ama unasaga mahindi?"

Nikamwambia, "Kaa chini ufunge mdomo."

Picha: wakuu. Wakuu!

Ule msitu ulifunguka kwa ukuta wangu kama mtu ametoboa dirisha. Jani unaona mishipa yake. Maji unaona mchanga chini. Nikaona mbu ametua kwa skrini, nikainuka nikampiga kofi. Hakutoka. Kumbe mbu yuko ndani ya picha! Mama Pamela alicheka mpaka akashika mbavu, halafu na yeye akaenda kumgusa.

Hata DVD zangu za zamani za kwaya, kwa hii mashine zilioga. Nilisoma maandishi kwa tai ya mwalimu wa kwaya, na hiyo DVD nimeangalia sijui mara ngapi.

Basi nikaweka diski ya Achieng.

Ikagonga ndani, kuk kuk. Ikaandika "No disc".

Nikajaribu tena, "No disc". Nikampigia yule jamaa, akaniambia nipanguse na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, nisizungushe. Nikapangusa na upande wa ndani wa leso, pole pole kama napangusa jicho la mtoto. Nikarudisha.

Kuk kuk. "Loading". Mimi nimesimama tu, chai nimesahau.

Halafu likatokea jina la Achieng, herufi nyeupe, upande mmoja wa TV mpaka mwingine. Nilipiga kigelegele, mbuzi wakakimbia.

Nikaitoa diski hapo hapo. Nilitaka tuione pamoja na baba yake, asiseme nilijipanga.

Sasa Jumapili ndio nilikosea, na akina mama wa huku mtanielewa. Mgeni akija, kila kitu kwa sitting room lazima ivae. Viti, meza, redio, hata friji. Ile mashine ilikuwa imekaa uchi! Nikachukua kitambaa changu cheupe nilichoshona na mkono, nikaifunika mpaka ubavuni, nikaacha mdomo tu.

Odhiambo akaja. Chai akakataa. Akakaa na mikono amekunja. "Haya, weka."

Ikaanza. Ni mpunga wetu wa Ahero. Akina mama wameinama wanapalilia, na kwa jani moja kuna tone la maji, na ndani ya hilo tone kuna jua. Mimi nimepalilia huo mpunga tangu niolewe. Sikuwahi kuuona. Nilikuwa naangalia magugu.

Halafu mafuriko yakaja. Mzee mmoja, hatumjui, amebeba mbuzi mabegani anavuka. Maji kwa goti. Maji kwa tumbo. Unaona nywele za sikio la mbuzi zinatetemeka. Maji yakafika kwa kifua cha mzee.

Nikamwangalia Odhiambo. Mikono imefunguka.

Na hapo TV ikawa nyeusi.

"Nini hiyo? Mama, umefanya nini?"

"Sijashika kitu!"

Mama Pamela akaweka kiganja juu ya mashine. "Uuwi! Hii inaweza kuivisha ugali!"

Odhiambo akavuta kitambaa akakitupa kwa kiti. "Mama, umeiziba pumzi! Hii inapumulia huku juu!"

Akaenda jikoni, akarudi na ungo. Akapiga magoti mbele ya mashine, akaanza kuipepea. Huyo ni mtu hajawahi kupepea hata jiko la makaa. Anapepea, jasho linatoka, anaigusa, anapepea tena.

"Huyo mzee alifika?" akaniuliza.

"Sijui. Sijaona."

Mama Pamela akasema, "Si umpigie Achieng tu akuambie?"

"Wacha! Nataka kuona."

Wakuu, hapo ndio nilijua.

Ikapoa, ikawaka, ikafikiria. Mzee akarudi na maji yake kwa kifua, akapotea mpaka kwa shingo, halafu akapanda, akapanda, akafika ng'ambo. Akamweka mbuzi chini. Mbuzi akajikung'uta, maji yote yakarukia kamera, na Odhiambo akajipangusa uso na mkono.

Akatoka nje na simu. Nilisikia tu mwanzo: "Achieng, na wewe ulikuwa umesimama wapi? Hayo maji yangekubeba!" Wakaongea kirefu. Aliporudi akaniambia, "Atamaliza." Akaomba chai.

Mashine sirudishi.

Nimejifunza hivi: Blu-ray za mwanzo zina moto, ziachie nafasi juu na kando, na urembo peleka kwa viti. Diski ya kuchoma ikikataa, ipanguse kabla hujakata tamaa. Na mtoto akikuambia ameona kitu, tafuta njia ya kukiona na wewe, hata na mashine nzee.

Nani humu bado ana hizi za kwanza? Hiyo "Loading" kuna dawa yake, ama ni kuzoea? Na wale mlioua mashine na vitambaa, semeni tu, nisiwe peke yangu.