Nilisema Papa Acteur Alikula Kuku Muzima

Bandugu, musiniulize jina. Makosa iko yangu, ya muntu mwingine hapana. Nilizuiya mutoto asione baba yake, na sikumuzuiya na ubaya. Nilimuzuiya na utamu ya mudomo!

Batu banaonijua hapa Saint-Gilles, mu Bruxelles, banajua ginsi niko. Mvua kidogo ikinikuta ku Gare du Midi, nikifika ku nyumba imekuwa gharika, na Nuhu mwenyewe alinipita na safina yake, akakatala kunibeba sababu nilikuwa na mizigo mingi. Banacheka. Miye napenda bacheke. Masomo sina, nilikuwa na mudomo tu.

Bon. Nilikuwaka nachunga muzee moja karibu na Flagey, étage ya tatu, bila ascenseur, ngazi tu. Kumuogesha, kumupikia, kumusindikiza ku marché aangalie samaki. Muzee ya Irlande, acteur ya cinema, kweli kweli! Lakini hapana ule acteur batu bote banajua sura. Yeye alikuwa ule anakufaka mbele filme haijapata moto. Maisha yote kazi yake ilikuwa kufa! Alianguka na farasi, alizama mu maji, alipigwa risasi, alikulwa na mbwa kama mia hivi, donc kila mbwa alipata kipande.

«Fiston, miye niko fundi ya kufa,» anasemaka na français yake ya mawe. «Bale ba sura nzuri habajue kufa. Banafunga macho kama batu ya sieste, usingizi ya muchana.»

Kisha anaanguka ku canapé, ulimi inje, mpaka jirani ya chini anapiga plafond, dari yake, na ufagio.

Alizaliwaka mu kijiji ya ng'ombe na mvua. Baba yake alitaka akuwe padri, akakimbia na batu ya théâtre. Akaoa, akazaa mutoto mwanamuke moja, Nora. Kisha kazi ikamubeba: leo Espagne, kesho Maroc, ndoa ikakufa nyuma yake. Bruxelles alikuja kufa mu filme moja tu, akapenda mwanamuke ya hapa mwenye kushonea ba acteur nguo, akabakia. Ule mwanamuke naye akafa. Ile ya kweli. Njo muzee akabakia na miye.

Siku moja alinielezea ginsi Nora, mutoto mudogo, alipelekwa ku cinema kuona baba yake. Baba akachomwa kisu pale mbele ya batu bote! Mutoto akalia, akatoka mbio mpaka ku barabara. Muzee aliposema ile, hakucheza tena.

«Nilimuahidi: siku ya kweli utaambiwa. Hautadanganywa tena.»

Alafu akagonjwa. Bakamupeleka ku hospitali kule Woluwe, na docteur akasema wazi: ku nyumba harudi. Muzee akanishika mukono. Nora anasemaka Kingereza, na yangu niliiokotaka Kampala, wakati ya ukimbizi, nikiuzisha soksi. Yeye sauti ilibakia ya kunong'ona tu, ya téléphone hapana.

«Pigia Nora. Umuambie ni ya kweli. Akuye.»

«Sawa, papa.»

«Usimufanyie cinema, fiston.»

«Papa! Miye tena?»

Nikatoka inje ya chumba, mu couloir, karibu na machine ya kahawa, nikapiga. Nora akashika: «Ni baba? Iko namna gani?»

Ile sauti! Munajua siye batu ya Kivu. Muntu ya mbali hatumuuwake na téléphone. Mama akifa, banakuambia anakohoa kidogo, ukipata nafasi kuya umuone. Unafika, unakuta hema ku parcelle ya nyumbani na kilio imeanza. Njo heshima, njo kumushika muntu asianguke njiani peke yake. Mudomo yangu ikashika ile njia bila kuniuliza.

«Iko muzuri, maman! Anagonjwa kidogo tu. Ukipata nafasi, kuya umuone.»

Kwetu ile ni kengele! Muntu akiisikia anavaa viatu mbio. Lakini Nora si ya kwetu. Alisikia tu yenye nilisema, akapumua, akacheka.

Na miye nikisikia muntu anacheka, nimekwisha! Nikaongeza: «Jana alikula kuku muzima na pilipili, mifupa na yenyewe! Na alitaka kuchezesha infirmière, ule muuguzi, dansi!»

«Ningekuya kesho,» akasema. «Lakini kama iko vile, nitangoja batoto bafunge masomo, tukuye bote.»

Pale njo ningesema. Mulango ilikuwa wazi.

Nikasema: «Voilà. Itakuwa muzuri.»

Nikarudi ku kitanda.

«Ulimuambia?»

«Nilimuambia, papa.»

«Anakuya?»

«Anakuya.»

Akaomba nimuchane nywele. Akageuza kichwa upande ya mulango. Tangu ile siku, kila kiatu inapita mu couloir, anafungua macho. Ningepiga tena. Sikupiga. Nilikuwa naona haya ya kuvunja kile kicheko.

Alikufa asubuhi, nikimushikia glasi ya maji. Hakuanguka, hakutoa ulimi. Fundi ya kufa, na alifanya kidogo tu. Ungepita usione.

Hospitali ikamupigia Nora, akakuya. Ilikuwa sura ya baba yake kabisa. Nilingojea anitukane, anipige kofi. Alikaa ku kiti na koti mwilini, akaniuliza neno moja.

«Ule kuku. Alikula?»

«Hapana, maman. Hata supu hakumeza.»

«Sawa,» akasema. Akafunga vifungo ya koti, akafungua, akafunga tena.

Sikulia. Mpaka leo silie na sicheke. Iko kama mukono ukiulalia, unaona ni wako lakini hausikie kintu. Ku café banasema, «Tonton, tupe ile ya Nuhu!» Nafungua mudomo, inatoka mupepo.

Na juzi mudogo yangu akapiga toka Bukavu. Nikamuuliza habari ya maman.

«Maman? Iko bien kabisa! Jana alikula fufu ya batu mbili, akacheza ku kanisa!»

Anacheka kile kicheko yangu.

«Petit, niambie kweli.»

«Ni kweli, grand!»

«Niambie kweli!»

«Aka! Uko na nini leo? Ukipata nafasi, kuya umuone.»

Wee! Nilikaa ku ngazi, téléphone mu mukono. Labda iko bien. Labda alicheza kweli. Nani ataniambia, na miye nikamuamini?

Ndugu zangu, muntu akikutuma neno nzito, libebe na uzito yake yote. Usilipunguze njiani, usilitie sukari. Mwenye kulipokea ataanguka, lakini ataanguka karibu na muntu yake.

Miye niko nafunga valise. Sijue kama naweka nguo ya kusalimia ao ya kuzika.