Niliomba Ndimu na Pilipili

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningefurahi sana kuisahau. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Bado navaa sare ya shule, na ndevu zangu unaweza kuzipa majina moja moja, lakini aibu niliyoipata inatosha kunizeesha.

Jumamosi wazee wetu hukutana mtaa wa Doornfontein, huku ugenini tunakoishi, kwenye karakana ya Babu Shekue, seremala wa Tanga. Wanapenda magobore, zile bunduki za kale za kushindilia baruti mdomoni. Mawili yametundikwa ukutani, matupu, hayajalia tangu mama yangu hajazaliwa. Kazi kubwa ni kunywa chai na kutambiana. Babu anasema kwao Tanga gobore liliheshimiwa kuliko mkwe. Mzanzibari mmoja anamjibu kwamba la kwao lilikuwa na nakshi, la Tanga lilikuwa bomba la maji tu. Mimi nilikuwa mgawa chai na mchekeshaji, cheo nilichojipa mwenyewe.

Basi akaja mgeni, Papa Kalonda, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, mtu wa Moba kule Kongo. Alikuja na mwanawe Josué, rika langu. Kijana huyo Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kizulu. Zamu ya mgeni kutamba ilipofika, akatoa kwenye mfuko wa plastiki pembe la kuwekea baruti, limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa. Akasimama. Akamtazama mwanawe kwanza.

"Baba yangu alikuwaka na pupu," akasema. "Ile pupu, kama inalia, kijiji muzima wanajua ni yeye."

Mwanangu, kwetu Watanzania pupu ni supu ya utumbo, kwato na mapande ya kichwa.

"Inalia?" nikadakia. "Basi haijaiva hiyo! Leteni ndimu na pilipili!"

Karakana ikaangua kicheko. Mzanzibari akamwaga chai. Nami, eish, badala ya kukoma nikaongeza: "Na pembe analo! Kaja na ng'ombe mzima!"

Josué akamvuta baba yake shati, akamuuliza kwa Kizulu watu wanacheka nini.

"Hakuna kitu," Papa Kalonda akajibu, akilirudisha pembe mfukoni taratibu. Hawakungoja chai.

Babu Shekue amefanya kazi na Wakongo muda mrefu. Hakunipigia kelele. Alinipokonya birika tu.

"Umeshiba, bwana mdogo?"

Akaninyooshea kidole kwenye magobore ukutani.

"Kwao pupu ndiyo hili gobore. Yule kamleta mtoto amsikie babu yake. Wewe umemlisha nini?"

Jumamosi iliyofuata kiti chao kilikuwa kitupu, na utani haukunitoka mdomoni. Nikaenda La Rochelle. Nilimkuta Papa Kalonda kwenye cherehani, Josué kando yake anakata nyuzi. Nikamwamkia, nikamwomba radhi huku nikiangalia viatu vyangu.

"Miye sina shida," akasema bila kusimamisha cherehani. "Lakini huyu mutoto aliniuliza: babu alikuwa mupishi?"

Ningepigwa kofi ningeumia zaidi ya hapo? Sidhani. Nikamgeukia Josué, nikamweleza kwamba babu yake hakuwa mpishi. Alikuwa na bunduki iliyojulikana kwa sauti yake kijiji kizima. "Sisi tunaliita gobore," nikamalizia.

Akanikazia macho. "Pupu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kulisikia kinywani mwake, na alikuwa ananisahihisha.

"Pupu," nikarudia, bila ndimu wala pilipili. Cherehani ikasimama.

Kwa hiyo, mwanangu, mgeni akitaja kitu kwa jina la kwao, muulize ni kitu gani, kisha funga mdomo. Tambia kwenu utakavyo, ila na yeye mwachie zamu yake aimalize, maana huenda amekuja na mtu anayehitaji kumsikia. Utani utaufanya akishakuzoea.

Mungu akupe masikio mepesi kuliko ulimi wako, na popote utakapokuwa mgeni, akukutanishe na mtu wa kukuuliza: hiki, kwenu mnakiitaje?