Njiwa wa Thelma na Ada ya Dalali

Thelma Hindmarsh ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumwona akikubali kushindwa maneno. Alibishana na daktari kuhusu goti lake mwenyewe, akabishana na kasisi kuhusu nyimbo za mazishi ya mumewe. Kwa hiyo kampuni ya madalali ilipoanza kumdai ada, niliwahurumia madalali. Nilijidanganya, maana walibakiza kidogo tu wamshinde.

Chanzo kilikuwa msiba. Mumewe, Alf, alipofariki, Thelma alimzika kama mchimba makaa anavyostahili: bendera ya chama cha wachimbaji, bendi ya matarumbeta, na sandwichi za nyama ya nguruwe kwa mtaa mzima. Kukopa harusi, kulipa matanga. Thelma alikopea matanga yenyewe. Kodi ya halmashauri ikasimama miezi kadhaa. Barua zikaja, ya kwanza ya upole, zilizofuata zenye wino mwekundu, ya mwisho ikisema deni litakabidhiwa kwa madalali. Hapo Thelma akauza karavani yao, ile nyumba ya magurudumu ya likizo kule ufukweni, akavaa koti la kanisani, tukapanda basi hadi ofisi za halmashauri. Akalipa deni lote palepale dirishani. Ilikuwa Jumatatu.

"Umemaliza, mama," binti wa dirishani akamwambia. "Faili lako bado liko humu humu."

"Basi na likae humo humo," Thelma akajibu, nasi tukaenda zetu kula samaki na chipsi.

Halikukaa. Haukupita muda mrefu akabisha hodi mwanamume mnene, mpole wa sauti, mwenye kamera ndogo kifuani. Akasema anaitwa Darren Pallister, dalali.

"Kodi imelipwa, mama, hilo halina ubishi," alisema. "Zimebaki ada zetu. Pauni mia tatu na kumi."

"Ada za nini?"

"Za kupokea faili, na za mimi kufika hapa."

"Nani kakuita?"

"Halmashauri."

"Basi kawadai wao nauli. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi nimelipa. Sasa wewe umekuja kutibu nini?"

Akamfungia mlango. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai, nikacheka hadi nikaimwaga kwenye zulia.

Kicheko hakikudumu. Tulipiga simu halmashauri, wakasema hayo ya ada waulizeni madalali. Tukawapigia madalali, wakasema hayo ya faili waulizeni halmashauri. Tulipigwa danadana hivyo siku baada ya siku, tukisikiliza muziki wa kusubiri mpaka nikauota. Hakuna aliyetutukana, na hakuna aliyetusikiliza, na mimi nilikuwa na hasira kuliko Thelma mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu njiwa. Kijijini kwetu mgodi ulifungwa zamani, lakini njiwa wa mashindano walibaki. Alf alikuwa nao bandani nyuma ya nyumba, na alipokufa Thelma akawarithi kwa manung'uniko mengi na mapenzi makubwa zaidi. Kipenzi chao ni jike wa kijivu anayeitwa Winnie. Kiangazi kile aliachiliwa Ufaransa pamoja na njiwa wa kaunti nzima, akavuka bahari na kuwatangulia wote nyumbani. Gazeti likatoa picha yake, Thelma amemkumbatia, na chini yake wakaandika thamani ya ndege kama yule. Kumbe Darren Pallister ni msomaji wa magazeti.

Siku moja tulitoka kucheza bingo tukakuta mlango wa banda uko wazi na kisanduku cha Winnie ni kitupu. Kwetu geti la uchochoroni halifungwi. Anayelifunga watu humuuliza anaficha nini. Dalali alikuwa ameingia, akamchukua, akabandika karatasi: mali imeshikiliwa, itapigwa mnada Jumamosi mjini Darlington, isipokuwa ada ilipwe kwanza.

Thelma aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Winnie alitoka kwenye yai akiwa dhaifu, Alf akamlisha kwa vidole vyake wiki nzima, na hadi leo ndege yule hamwogopi binadamu.

"Lipa tu, shoga," nilimwambia. "Nina akiba kidogo, nitakukopesha."

"Nikilipa, Edie, nimekubali kwamba nilikuwa nadaiwa. Nisipolipa, nimemuuza ndege wa Alf kwa ubishi wangu." Akapangusa uso kwa kitambaa cha banda, kichafu hivyo hivyo. "Nitalipa."

Sikuwahi kumsikia Thelma akisema neno la kushindwa, na roho iliniuma.

Ijumaa asubuhi tulikuwa jikoni kwake. Kadi ya benki ilikuwa mezani, simu sikioni, muziki ule ule ukipiga. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe, macho yakiwa uani. Kitu cha kijivu kikatua juu ya paa la banda, kikajikung'uta.

"Thelma, kata simu."

"Niko kwenye foleni."

"Kata simu, nakwambia!"

Alitazama dirishani. Sijui goti lile lilipona vipi, lakini alitoka mbio na ndara za chumbani, akiita jina la ndege na jina la Alf kwa pamoja. Winnie akashuka na kuingia kisanduku chake, akaanza kudonoa mahindi. Thelma alilia kwa sauti, nami nikalia, na mzee Cuthbert wa nyumba ya tatu akachungulia juu ya ukuta kuona nani kafa.

"Karudi?" akauliza. "Sasa mlitarajia nini? Aliyerudi kutoka Ufaransa atashindwa na Darlington?"

Mchana simu ikalia. Thelma akaiweka sauti ya juu ili nisikie.

"Mama, kuna tatizo," ilikuwa sauti ya Pallister. "Mali imetoweka."

"Imetowekaje?"

"Nilifungua kreti nimpige picha ya mnada. Nilikuwa nje, kwa ajili ya mwanga."

"Ulimfungulia njiwa wa mashindano, nje?"

"Nilidhani atatulia. Alikuwa mpole sana."

"Mwanangu, wewe hata kuku hujawahi kufuga?" Thelma hakumficha kitu. "Yuko bandani kwake anakula. Na geti leo nimelifunga."

Kampuni ikawaka. Ikaandika kwa halmashauri kwamba mama huyu anazuia mali iliyoshikiliwa kisheria. Hapo ndipo walipojichongea, kwa sababu lalamiko letu lilikuwa limelala wiki nyingi, lakini lalamiko lao liliamshwa siku ile ile. Tukaitwa sote chumba kimoja: Thelma, mimi, Pallister, na Bibi Coulthard, mkuu wa malalamiko wa halmashauri, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo.

"Faili hili mlilipokea lini?" alimuuliza Pallister.

"Jumatano, bibi. Siku mbili tu baada ya yeye kulipa."

Pallister alisema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wake, akidhani anajitetea. Bibi Coulthard akageukia kompyuta, akasoma.

"Kwa hiyo tuliwapa deni ambalo halikuwepo," alisema. "Kosa ni letu, na ninaomba radhi. Lakini pasipo deni hapana ada. Hakuna hata senti."

"Na njiwa?" Thelma akauliza.

"Njiwa alichukuliwa bila haki. Ni wako, na kampuni iniletee karatasi yenye sahihi yako kuthibitisha kwamba unaye."

Nilimkumbatia Thelma hadi kofia yake ikaanguka.

Habari ilifika mtaani kabla yetu. Kwa hiyo Pallister alipokuja kesho yake na karatasi yake, hapakuwa na dirisha lisilo na kichwa. Thelma alimpokea kizingitini.

"Nahitaji sahihi yako tu, mama. Hapa, panaposema tumerudisha mali."

"Nani kairudisha?"

"Sisi... kampuni."

"Weee! Mlimleta na gari gani? Kata hilo. Andika: amerudi mwenyewe."

Alikata, akaandika, akiegemeza karatasi ukutani. Thelma aliisoma polepole, akatia sahihi, lakini hakuiachia.

"Bado ada," alisema.

"Ada ya nini tena, mama?"

"Ya safari. Nyie mkigusa tu mlango wa mtu mnatoza. Huyu katoka Darlington kwa mabawa yake, na upepo ulikuwa wa mbele. Nani anamlipa?"

Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Pallister alitazama madirisha yote, akaizima ile kamera ya kifuani, akatoa mfukoni noti ya pauni ishirini.

"Itatosha mahindi?" aliuliza.

"Itatosha," Thelma akasema, akaipokea. "Subiri hapo hapo, nikuandikie risiti."