Nilikata Sauti ya Baba, Likabaki Kosa Tupu

Ilianza Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, nyumbani kwetu Nyakato, Mwanza. Kosa ni langu. Sitamsingizia mtu.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu. Darasani wananiita Bubu kwa sababu siongei, mambo yangu huwa naandika tu. Mwalimu wa historia alitwambia kila mmoja atafute kazi aliyofanya mzazi wake zamani. Nikafurahi! Mimi ni kitinda mimba, baba yangu ana umri wa babu za wenzangu. Alipigana vita vya Kagera. Waliporudi, yeye na askari wenzake wachache walichanga wakanunua ndege moja ndogo, kuukuu, wakawa wanapeleka watu na mizigo kwenye visiwa vya ziwani.

Nilijua hilo tu. Jumamosi hiyo nikamuuliza yeye alikuwa anafanya nini. Simu ilikuwa mapajani, inarekodi. Sikumwambia.

"Nilikuwa mtu wa mizani," alisema. "Ile ya kupimia pamba. Kila abiria anapanda na mzigo wake, najumlisha, namwambia rubani. Nikisema sawa, anaruka. Haulizi mara mbili, tumetoka naye vitani."

Nikadhani amemaliza.

"Siku moja walikuja wafiwa. Wana jeneza, wana akina mama, wana masufuria ya msibani. Uzito ukazidi. Sasa mfiwa utamwambia wewe shuka, ubaki? Nikamwambia rubani uko sawa."

Ndege ilianguka majini kabla ya kufika. Wavuvi waliwaokoa abiria wote. Rubani alikufa. Watu wakasema alikuwa amelewa, na baba akawaacha waseme, miaka yote! Mjane wa huyo rubani anaishi Buswelu. Mimi namwita mama mkubwa. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwetu kula.

"Kesho akija nitamwambia shemeji kwa mdomo wangu mwenyewe," baba alimalizia. "Hii ibaki hapa, mama."

"Ndiyo, baba," nikasema. Mwongo mimi!

Jioni hiyohiyo niliituma kwenye grupu la darasa. Ilikuwa ndefu, nikakata mwisho. Jamani, nilikata palepale anapoahidi kusema! Nilitaka tu waone kwamba Bubu naye ana kitu.

"Bubu umeua!" wakaandika. Sijawahi kusifiwa hivyo. Sikuwaza kwamba sauti ikishatoka, kila mtu anaituma kwa mwingine.

Jumapili mama mkubwa hakuingia ndani. Alisimama uani na simu mkononi.

"Shemeji, hii sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Wanangu wameitwa watoto wa mlevi. Na wewe unanikaribisha, unanipakulia samaki!"

"Nilikuwa nikwambie leo, shemeji."

"Leo? Leo baada ya Mwanza nzima kusikia?"

Baba alinitazama mimi.

"Umenirekodi?"

Basi. Hakugomba. Afadhali angenichapa!

Sikulia. Mpaka sasa sijalia, niko kama gogo. Nakula, sijui nimekula nini.

Wenzangu, mzazi akikufungulia moyo, zima simu. Yale maneno yalikuwa ya baba kuyapeleka, yalikuwa yamemkaa kooni tangu sijazaliwa, na siku aliyopata nguvu nikampokonya. Msifanye hivyo, hata kama shule nzima itawapigia makofi!

Asubuhi ya Jumatatu nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Sikwenda shule. Nilitembea mpaka Buswelu, nikamwambia mama mkubwa kuna kipande nilikikata, asikilize tu. Alikuwa anafagia, wala hakusimama.

"Sisikilizi simu tena mimi. Kama ana neno, aje mwenyewe."

Nikarudi, nikamwambia baba. Akavaa viatu. Nikachukua mwavuli nimsindikize, akaninyooshea kiganja: baki. Nikabaki. Nikaosha vyombo vya jana.