Mbu Wasiojua Dawa

Kuna swali ambalo ukiulizwa mara moja unajibu, ukiulizwa mara kumi unatabasamu, na likizidi hapo unaanza kuwakwepa ndugu zako barabarani. Kwa Mama Mbu swali hilo lilikuwa: "Unamaliza lini?" Aliulizwa na mwenye duka. Aliulizwa na fundi viatu. Aliulizwa na binamu yake aliyeingia chuo nyuma yake na sasa ana kazi, mke na kitambi. Hata mlinzi wa geti la chuo, aliyemzoea kiasi cha kutomdai kitambulisho, alikuwa akimfungulia huku akitikisa kichwa kama anayempeleka mtu hospitali.

Mama Mbu hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina alipachikwa na wanafunzi wenzake wa idara ya sayansi ya viumbe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifuga mbu. Na kufuga mbu, usije ukadanganywa, si kama kufuga kuku. Kuku ukimsahau leo atajitafutia. Mbu wa maabara amelelewa akadekezwa: chumba kiwe na joto la kiasi, hewa iwe na unyevu, pamba yenye maji ya sukari isikauke, viluwiluwi kwenye masinia yao wasagiwe chakula cha samaki. Na majike lazima wanywe damu, la sivyo hawatagi. Damu ya nani? Ya Mama Mbu, nani mwingine? Mbu wenyewe walikuwa safi, hawajawahi kumgusa mgonjwa, kwa hiyo msichana wa watu alikunja mkono wa koti lake jeupe, akauingiza kwenye kizimba chao cha neti, akasoma vitabu vyake huku akiliwa.

Alikuwa na makundi mawili. La kwanza ni mbu wa mtaani, waliovuliwa kwenye mitaro ya nyuma ya nyumba za watu, ambao mababu zao walipuliziwa dawa wakakohoa wakaendelea na maisha. La pili ni wale walioitwa wasiojua dawa: ukoo uliotunzwa vyuoni miaka na miaka bila kukutana na dawa hata chembe. Ukiwapa wote dawa ileile, hawa wakafa na wale wakabaki, basi umeonyesha kwamba wa mtaani wamekuwa sugu na watu wanapulizia vyumba vyao bure. Bila wasiojua dawa huna cha kulinganisha nacho, na bila cha kulinganisha nacho huna tasnifu. Lilikuwa limebaki jaribio moja tu, la mwisho. Baada ya hapo ingekuja Siku ya Idara, wanaomaliza wakasimama kando ya mabango yao wakapongezwa. Asiyemaliza kabla ya siku hiyo anarudia mwaka. Mama Mbu alikuwa ameshaurudia mmoja, pale umeme ulipokatika chumba kikapoa, na hakuwa na nguvu za kuurudia wa pili.

Kwa sababu ya mbu hao, nyumbani kwao kulikuwa na sheria. Hakuna dawa ya kupulizia. Hakuna dawa ya kuchoma ya moshi. Hakuna marashi. Vyandarua visiwe vile vyenye dawa; mama yake alishona vya kitambaa kitupu, akawa anavitia viraka kila mara. Watu wakiuliza sababu, Mama Mbu alijibu, "Mbu wangu hawapendi harufu." Ilikuwa njia ya mkato. Kueleza kwamba ubaya si harufu bali ni sumu inayoganda kwenye nguo bila kuonekana, kungekula jioni nzima, na nani alikuwa na jioni nzima? Mama mtu aliridhika na jibu hilo. Angefanya nini, mtoto ni wake.

Kisha akaja Shangazi.

Alikuja kwa siku mbili. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alilichukua jembe mwenyewe. Alipanga upya kabati la vyombo, akahamisha kitanda, akawafundisha majirani kuanika nguo. Alilala chumba kimoja na Mama Mbu, na kila asubuhi aliamka amevimba uso, akaonyesha kila alama kwa kidole kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Wifi," alimwambia mama mtu wakiwa mezani, "hebu nieleweshe. Nyumba hii inasomesha mtoto au inasomesha mbu?"

"Wote, wifi yangu. Ila mbu wana bidii zaidi."

Walicheka wawili hao hadi wakafuta machozi. Mama Mbu hakucheka. Aliondoka mezani na sahani yake, akala wali wake jikoni akiwa amesimama.

Asubuhi ya jaribio la mwisho aliamka mapema, akaoga kwa sabuni isiyo na manukato, akalichukua koti lake lililokuwa limefuliwa na kutundikwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hawa mbu wa kwenu hawana adabu hata kidogo. Wameniuma kana kwamba sijafanya lolote."

Mama Mbu alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Laiti angeinua kichwa akauliza, "Kwani umefanya nini?" Hakuuliza. Alikipata kiatu, akaaga, akatoka.

Kazi ya chumba cha mbu ina utaratibu: unaanza na wasiojua dawa, ndipo unakwenda kwa wa mtaani, usije ukawabebea wasafi uchafu. Aliufuata utaratibu huo hatua kwa hatua. Alibadilisha pamba katika kila kizimba, mkono wa koti ukipita na kurudi kwenye mlango wa neti. Aliinamia masinia ya viluwiluwi, na pindo la koti likachovya majini kama linavyochovya siku zote. Kisha akavuka ukumbi kwenda chumba cha pili, akawahudumia wa mtaani vilevile, kwa koti lilelile.

Aliporudi kuanza jaribio, wasiojua dawa walikuwa wamelala chali. Wachache walikuwa bado wanazunguka kwa mgongo sakafuni mwa kizimba, miguu juu. Kwenye masinia, viluwiluwi walijikunja mara moja moja, kisha wakatulia. Aligonga neti kwa ukucha. Hakuna aliyeruka.

Alimwita msimamizi wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba na subira iliyokwisha zamani, kwa kuwa naye ripoti zake zilikuwa zikiwasubiri mbu haohao.

"Umepaka nini leo?"

"Sijapaka kitu, Mwalimu."

"Nani mwingine ameingia humu?"

"Mimi tu. Mimi na koti langu."

Wote wawili wakalitazama koti. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuijua maabara, lakini siku hiyo walikuwa wamesimama pale mlangoni. Mama Mbu akapiga simu nyumbani.

"Ndiyo, mwanangu, nililipulizia mimi jana, ulipokuwa unaoga," Shangazi alisema, na sauti yake ilijaa fahari. "Nilipiga chumba kizima, halafu koti nikalipiga mara mbili, hasa mikono. Nikasema mtoto anashinda na mbu kutwa nzima, nani anamkinga? Na usiwe na wasiwasi, nilitafuta ile isiyonuka. Nilizunguka maduka yote, najua hao wako hawapendi harufu."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Angekuwa mwovu ungemtukana ukapumua. Mama Mbu alikata simu, akakaa chini kwenye sakafu yenye unyevu, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa. Alilia kwa sababu ya mwaka mzima mwingine, na mwenye duka, na fundi viatu, na binamu mwenye kitambi.

Msimamizi alikwenda chumba cha pili akarudi. "Wa mtaani wazima wote. Mmoja kaniuma," alisema. "Koti moja, mikono ileile. Shangazi yako amelifanya jaribio lako, na jibu ni lile ulilolitarajia."

"Basi tuliandike hivyo."

"Tuandike alipulizia kiasi gani? Shangazi mmoja si utafiti, binti. Tutaomba mayai chuo kingine, uanze upya."

Siku ya Idara ilifika, na Mama Mbu alipewa kazi ya kupanga viti. Zawadi ya mwanafunzi bora ilikwenda kwa kijana aliyetafiti uyoga, ambaye alimshukuru kila mtu, kisha akaushukuru uyoga. Watu walipiga makofi. Uyoga haunywi damu wala hauna shangazi, Mama Mbu aliwaza, naye akapiga makofi pia, kwa kuchelewa kidogo.

Aliporudi nyumbani alimkuta Shangazi ameketi kitandani, mkoba umefungwa kando yake. Tangu siku ya koti hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu.

"Naondoka kesho," Shangazi alisema. "Mama yako ameniambia kuhusu mwaka. Mimi sikujua. Nilidhani ni harufu."

"Mimi ndiye niliyesema ni harufu."

"Basi niambie ilivyo."

Mama Mbu akamweleza: sumu inayoganda, wa mtaani na wasiojua dawa, kwa nini hawa wafe na wale wabaki. Maelezo aliyoyaogopa miaka yote yalichukua chai moja, tena haikuisha. Shangazi alisikiliza, akijikuna.

"Kumbe ndiyo maana nilipulizia chumba kizima na bado wakaniuma," alisema. "Hayo ndiyo unayosomea? Sasa kwa nini hukutuambia?" Aliacha kujikuna. "Na hayo mayai mapya yakianguliwa, watakula nini?"

"Damu yangu."

Shangazi aliutazama mkono wa mtoto wa kaka yake, jinsi ulivyojaa madoa toka kiwiko hadi kifundo. Aliufungua mkoba, akaanza kuzirudisha nguo kabatini.

Ndiyo maana, ukipita ukumbi ule siku hizi, utamwona mwanamke mtu mzima, hana marashi, hana poda, nywele hazina mafuta, amevaa koti jipya linalolala chuoni wala haliruhusiwi kwenda nyumbani, mkono wake ndani ya kizimba. Analalamika bila kupumzika. Kiti kigumu. Chumba kina joto. Hawa mbu wanakula polepole kama wageni wasiotaka kuondoka, anasema, na mpwa wake anainamia masinia asionyeshe anavyocheka.

Juzi kijana wa uyoga alichungulia mlangoni, ameshapata kazi, amekuja kuchukua vyeti vyake. "Mama Mbu," akauliza, "kwani wewe unamaliza lini?"

Mama Mbu alifumbua mdomo, lakini Shangazi alimtangulia, wala hakuutoa mkono.

"Tutamaliza tukimaliza," alisema. "Na ufunge mlango, unawapoza watoto."