Kidole ya Mulinzi wa Pori

Leo mama mumoja, alirudi juzi kutoka Tanzania, ameniuzia kuni ku soko ya Mahoko: "Kavu kabisa, bibi yangu!" Kavu wapi! Nimewasha, imetoa maji na ile harufu ya pori, nikajiona tena juu ya muti.

Nilikuwa mutoto. Tuliingia na mama yangu ndani ya pori kukata kuni, mudogo wangu iko ku mugongo yake. Mulinzi akatukuta na muzigo ya kuni. Tumbo mbele, sauti kama ngoma: "Tokeni! Pori ni ya serikali! Leta panga!" Mama akamupa.

Hapo majani yakavunjika, mbogo ikatoka. Mulinzi alitupa panga, akapanda muti wa kwanza, weee! Lakini alinyoosha mukono, akapokea mutoto, akatuvuta na sisi. Mbogo ikasimama palepale chini, inapumua fuu, fuu, inasukuma muti na pembe.

Mutoto akafungua mudomo alie. Mulinzi akamutia kidole. Akanyonya. Mbogo inasikiliza. Jasho ya mulinzi inaniangukia ku shingo, na ile ngoma imekuwa sauti ya panya: "Nyonya, papa mudogo, nyonya."

Mbogo ikachoka, ikaenda. Tukashuka. Mulinzi akakohoa, akavaa tena sauti yake: "Bon! Kesho nisione mutu hapa!"

Mama akafunga mutoto ku mugongo, akaokota panga. "Na kesho tukikosa kuni, akilia njaa, baba, utamupa kidole kutoka wapi?"

Mulinzi akaangalia kidole yake, ingali na mate. Halafu akainama, akamutwika mama kuni.