Anwani ya Jana

Jamani, mimi nimeshajicheka, sasa zamu yenu. Mangi wa duka la spea hapa Gerezani ana programu ya kizamani inayogomea kompyuta mpya, nikamtengenezea kompyuta bandia ndani ya hiyo mpya. Kila ikiwashwa, hiyo bandia inavipa anwani upya vifaa vyake viwili: printa na kibao cha taa kinachoonyesha maandishi juu ya mlango. Mimi kwa uvivu nikaacha anwani ya printa ya jana, nikiamini haihami.

Nikatuma maneno ya majaribio, karatasi ningeichana: "Mangi bahili, hata soda hatoi!"

Printa kimya. Nikaipiga kofi, nikatuma tena. Nje watu wakaangua kicheko. Mangi akatoka, akatazama kibao juu ya mlango, akaniita:

"Fundi, njoo uchague soda. Kariakoo nzima imeshasoma."